Mafungu Kumi ya Mvua

Mkono wa Winfrida Kapinga ulizama tutani mpaka kwenye kiwiko na haukukuta kitu. Akauchomoa, akasogea tuta la pili, akauzamisha tena. Udongo mtupu. Tuta la ngolo ya kweli, kilimo cha vishimo na matuta cha Wamatengo, lina tabia yake: ukipita shibiri moja unagusa nyasi zilizofukiwa, zina uvuguvugu, zinateleza, na mkono unatoka unanuka ule uozo mzuri ambao mkulima anaupenda. Hapa mkono ulitoka na vumbi jekundu tu.

"Otmari," aliita bila kugeuka. "Nyasi ziko wapi?"

Mdogo wake alikuwa amesimama nyuma yake, mikono mfukoni, anaziangalia mashine zake sita zilizojipanga kivulini. Watu wa Lihangwe waliziita Fuko kwa sababu zilichimba kwa pua. Kila moja ilikuwa na ukubwa wa ng'ombe aliyelala, na katika wiki mbili zilikuwa zimechimba mlima mzima ulio juu ya kijiji, kazi ambayo wanawake mia tatu wangeifanya kwa mwezi na nusu.

"Nyasi gani tena, dada?"

"Usinichezee akili."

"Zilikuwa zinaziba visu." Alikohoa. "Tukazichoma kwanza. Majivu nayo yanarutubisha, usiseme hayarutubishi."

Winfrida akaketi palepale juu ya tuta, akayakalia maharage yaliyokuwa yameanza kutoa majani mawili mawili. Hakujali. Aliutazama mteremko kuanzia juu mpaka chini: vishimo vya mraba, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kimezungushiwa matuta manne, vimenyooka kwa namna ambayo jembe la mkono halijawahi kunyoosha. Ungepiga picha ukaitundika sebuleni. Chini kabisa yaling'aa mabati ya kijiji, nyumba mia mbili, watu mia tisa.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna aliyeuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu aliyepaswa kuuliza alikuwa yeye.

*

Mvua haifutiki. Tangu vishada vilipoanza kuruka juu ya ziwa, miaka kumi na minne iliyopita, binadamu amejifunza kuisukuma dhoruba huku na huku, lakini kuiondoa bado hajajua. Kishada kimoja kina upana wa uwanja wa mpira. Kinapanda na waya wake mpaka ndani ya wingu, kinalitia umeme, na wingu linakifuata kama mbuzi anavyofuata chumvi. Maji ni yaleyale na yatashuka tu. Swali ni yatamshukia nani. Kazi ya kulijibu swali hilo alipewa Mgawaji, na Mgawaji si mtu. Ni akili ya kuundwa, hailali wala haipokei zawadi, na wengi waliona hiyo ni sifa ya kutosha.

Ila Mgawaji anaona kwa macho yaliyo angani, na macho hayo hayaingii ndani ya tuta. Ndiyo maana sheria ilitaka kila mlima uwe na Msoma Mteremko: mtu wa hapohapo, aliyekula kiapo, anayeupanda kwa miguu yake na kutia mkono wake udongoni, kisha anasema mlima huu utabeba mafungu mangapi ya mvua. Asiposema yeye, Mgawaji hagawi.

Huu ulikuwa mwaka wa nane Winfrida akiusoma mlima wa Lihangwe. Miaka saba aliupanda, akasema mafungu saba, na ilikuwa kweli. Mwaka huu, Otmari alipomaliza kuchimba, dada mtu alikuwa kitandani na plasta mguuni, ameteleza kwenye ngazi za kanisa mbele ya waumini wote. Akaletewa picha. Aliiamini picha, akamwamini na mdogo wake, akasema saba. Picha haikumdanganya, ilionyesha vishimo, na vishimo vilikuwepo.

Kosa lenyewe lilianza mbali kidogo. Wahandisi walipokuja kujifunza ngolo ili watengeneze Fuko, walikaribishwa kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kupanga mambo yao. Wanaume wa Kimatengo ni wakarimu, hilo hawanyimwi. Siku tatu nzima waliwaeleza wageni jinsi ngolo inavyochimbwa, upana wake, kina chake, udongo unavyotupwa, kazi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuifanya, kwa kuwa kuchimba ni kwa wanawake. Kuhusu kazi yao wenyewe, ile ya kufyeka nyasi na kuzilaza katika miraba kabla jembe halijagusa ardhi, hawakusema neno. Nani atajisifu mbele ya wageni kwamba yeye kazi yake ni kulaza nyasi? Na wanawake hawakuulizwa. Walikuwa mlimani wanachimba. Ikaundwa mashine inayojua nusu ya kazi, na nusu hiyo inaijua vizuri sana.

Kidani cha kuzungumzia kilichokuwa shingoni mwa Winfrida kikatetemeka.

"Msoma wa Lihangwe," Mgawaji alisema kwa sauti yake ya upole isiyochoka. "Dhoruba ya ziwani imekua. Sasa ni mafungu kumi, na itafika kesho saa tisa alasiri. Ziwa litapokea matatu. Zaidi ya hapo waya za vishada zitakatika. Saba nayaelekeza kwenu kwa kipimo chako. Naomba ukithibitishe kabla ya saa sita mchana kesho."

"Na nikisema pungufu?"

"Yatakayobaki yatashuka bonde la Lukwale. Waya zangu hazifiki kwingine."

Bondeni Lukwale kulikuwa na Pwani Mpya, makao ya watu elfu thelathini na moja ambao bahari ilikuwa imewachukulia miji yao. Walipewa bonde lile wakae kwa sababu moja tu, kwamba kila mwaka mlima wa Lihangwe ulisema saba.

"Bonde linabeba mangapi?"

"Fungu moja linapita kwenye mifereji. Mawili, maji yanafika magotini. Matatu yanabomoa nyumba." Mgawaji akasita, jambo lisilo kawaida yake. "Manne sipendekezi."

Bila nyasi mlima ule ungebeba matatu. Ukitoa matatu katika saba, yanabaki manne. Winfrida alihesabu mara mbili, si kwa sababu hesabu ilikuwa ngumu.

*

Shangazi yao, Eufrasia, alikuwa bandani anawakatia nguruwe magimbi. Alikuwa na miaka hamsini na sita na mdomo wa watu watatu, na ndiye aliyekuwa akiongoza ngokela ya wanawake, ile kazi ya kusaidiana ambapo kijiji kizima huhamia shamba la mmoja na kulimaliza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona nyuso hizo? Nani kafa?"

Winfrida akamweleza yote, la Otmari na la kwake, hakuficha hata picha ya kitandani. Eufrasia alisikiliza huku kisu kimesimama hewani. Winfrida alipomaliza, shangazi mtu akamgeukia Otmari.

"Baba yako hakuwa na mwenzake kwa kulaza nyasi. Alikuwa anazilaza mpaka unatamani kujinyoosha juu yake ulale. Na wewe umezichoma."

"Shangazi, nimeshakosea. Lakini hakuna haja ya kufa mtu." Otmari alimgeukia dada yake. "Sema matatu. Mlima utayabeba hivihivi, sisi tuko salama, kesho kutwa tunaamka na nyumba zetu. Uliapa kwa ajili ya mlima huu, hukuapa kwa ajili ya bonde."

"Na wao?"

"Wahame."

"Watu elfu thelathini na moja, kwa siku moja, kwa barabara ipi?"

Barabara ilikuwa moja kwa kijiji na kwa bonde, nayo ilipita kilomita sita chini ya mlima uleule. Kukutwa na mvua barabarani ni vibaya kuliko kukutwa nyumbani.

Winfrida hakumwona mdogo wake kuwa mtu mbaya. Lililomtisha ni kwamba alisema kweli tupu. Matatu kilikuwa kipimo halali. Angekisema kwa mdomo mkavu na hakuna sheria ambayo ingemgusa, na Lihangwe yote ingelala kavu. Lakini watu wa bondeni walikuwa wamejenga, wamezaa, na wamepanda minazi yao juu ya neno lake, na neno lile halikuwa na nyasi ndani.

"Shangazi," alisema, "ngolo zikivunjwa na kurudiwa, zinahitajika zote?"

Eufrasia akafuta kisu kwenye kanga. "Zote huziwezi hata ungekuwa na mwezi. Ila maji hayashuki mlima mzima kwa mkupuo. Yanashuka yakikusanyana. Ukiyakatiza njiani kwa mkanda wa ngolo za kweli, mistari minne ya vishimo kutoka korongo hili mpaka lile, yanapumzika hapo, yanachujwa, yanaendelea na adabu. Mikanda kumi na miwili inakupa saba yako. Mikanda minane, matano. Bibi zetu walifanya hivyo mwaka wa njaa, walipokuwa hawana nguvu ya kuulima mlima wote."

"Nyasi mbichi zitashika?"

"Kwa mvua moja zitashika. Mbichi inachuja kuliko iliyooza. Swali lako si kushika. Swali lako ni utazitoa wapi, maana huyu bwana kaota moto nazo."

Nyasi zilikuwepo. Kila familia ilikuwa na kipande ilichokipumzisha, nyasi zimesimama mpaka kiunoni, zikingoja msimu ujao. Kuzikata leo ni kukubali kwamba mwaka kesho hutakuwa na ngolo mpya, na usipokuwa na ngolo mpya huna maharage.

*

Kengele ya kanisa iliwakusanya uwanjani kabla ya saa tano asubuhi. Winfrida alisimama juu ya benchi akasema. Hakuomba huruma. Alisema kipimo cha mwaka huu alikisema bila kupanda mlima, na kwamba chini ya yale matuta mazuri hamna kitu, na kwamba kwa usalama wao wenyewe hawahitaji kufanya lolote, ila bonde litaokoka tu wakikata nyasi zao za akiba.

Kelele zikapanda. Mmoja akauliza kwa nini aingize familia yake kwenye njaa kwa ajili ya watu asiowajua. Mwingine akasema watu wa bondeni wana serikali. Mzee mmoja wa kanisa akataka Otmari apelekwe polisi kwanza, halafu mengine yafuate.

"Nyasi ni zenu," Winfrida alisema waliponyamaza. "Siwezi kuwaamuru. Nitakachosema kesho saa sita ni kile nitakachokigusa kwa mkono wangu. Kikiwa matatu, nitasema matatu, na tutakuwa hai, na tutajua sisi na Mungu wetu ni kwa nini tuko hai. Mimi naenda kukata za kwangu."

Akashuka kwenye benchi, akachukua fyekeo, akaondoka akichechemea na mguu wake ambao haujapona sawasawa. Hakugeuka kuangalia nani anamfuata. Alisikia nyuma yake sauti ya Eufrasia ikiwauliza wanaume wa Lihangwe kama wamesahau kulaza nyasi, na kama wamesahau waseme, wanawake watawaonyesha. Hilo liliwauma kuliko hotuba yote. Baada ya dakika chache akasikia miguu mingi.

Njiani alimpigia mwenyekiti wa Pwani Mpya kwa kidani. Bi Mwanakombo alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na hawakuwahi kuzungumza kabla ya siku hiyo.

"Nimekufahamu," alisema Bi Mwanakombo, Winfrida alipokwisha kumweleza. "Yaani sisi miaka yote tumelala chini ya neno lako, na sasa waniambia neno halina kitu ndani."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Kusamehe kutakuwa baada ya mvua. Wataka watu wangapi?"

Winfrida hakuwa ametarajia swali hilo. "Wa kufyeka na kubeba. Wowote utakaowapata."

"Wangu wavuvi. Kufyeka mtawafunza, kufunga mizigo watawafunza nyinyi."

Eufrasia, aliyekuwa amemfikia, akakivuta kidani shingoni mwa Winfrida mpaka akakaribia kumkaba. "Mama, kwetu aliyeita ngokela ndiye anayepika. Leo kazi ni ya kuwaokoa nyinyi, kwa hiyo mmeita nyinyi. Njooni na masufuria yenu, maana mapishi yetu ya leo yana nguruwe, hamtayaweza."

Bi Mwanakombo akacheka, cheko fupi la mtu aliyekuwa hajapanga kucheka. "Basi tutakuja na mchele."

*

Walikuja mia nne, kwa malori ya chumvi na baiskeli, na kufikia saa nane mchana mlima ulikuwa na watu kama uwanja wa mnada. Wanaume walifyeka kwenye vipande vya akiba. Watu wa pwani walifunga mizigo kwa mafundo ambayo Lihangwe haijawahi kuyaona, fundo moja linabana mzigo wa watu wawili na ukivuta ncha linafunguka lenyewe. Fuko hazikuweza kuchimba juu ya nyasi, basi Otmari alizing'oa visu zote sita, akazifunga mizigo mgongoni, na mashine za kisasa zikageuka punda. Alizitembeza yeye mwenyewe, juu na chini, bila kukaa, na watu wakawa wanamtania kwamba hatimaye amepata mifugo.

Kwenye mkanda wa kwanza ilionekana wazi nani anajua na nani alikuwa anajua. Nyasi hulazwa katika miraba, hatua mbili kwa hatua mbili, mashina yanaelekea juu na vichwa vinaelekea chini ili maji yapite kwa kusuasua. Vijana wengi walizitupa tu. Wazee wa sengu, walewale waliowaeleza wahandisi mambo ya jembe siku tatu, wakainama, wakawashika mikono, wakawaonyesha. Mmoja wao alilaza mraba mmoja, akarudi nyuma kuutazama, akafuta machozi kwa mkono wenye udongo. Alisema hakuwahi kufikiri kwamba hiyo ni elimu.

Nyuma yao wanawake walichimba. Udongo ulitoka katikati ya mraba ukatua juu ya nyasi, upande huu, upande ule, mpaka kishimo kikabaki katikati na matuta manne yakasimama na kitu tumboni. Maharage ya Otmari yaliyokuwa kwenye mikanda yalifukiwa yote. Jioni walikula wali na samaki wakavu wa Bi Mwanakombo, wakalala pale walipoangukia, na alfajiri wakaendelea.

Kesho yake, saa sita kasoro robo, mikanda minane ilikuwa imekamilika. Wa tisa ulikuwa nusu.

Winfrida alipita mkanda mmoja mmoja. Hakupita kwa macho. Alipiga magoti, akatia mkono, akashika, akahesabu, akaendelea. Nyasi zilikuwepo. Mahali pawili zilikuwa chache, akaita watu wakarudia. Alipofika kwenye mkanda wa tisa, Otmari alikuwa anamngoja, midomo imepasuka kwa jua.

"Sema sita," alisema. "Tutaumaliza huu, tukimaliza wa kumi ni sita. Bado kuna saa tatu mpaka mvua. Bonde litapata moja, hakuna atakayelowa hata kandambili. Dada, mimi ndiye niliyewaweka hapa. Niache nimalize."

Eufrasia naye akaja upande wa pili, akamshika kiwiko, na kwa mara ya kwanza tangu Winfrida azaliwe, sauti ya shangazi yake ilikuwa ndogo. "Sema manne. Ninavyojua mimi minane ni matano, lakini mimi nilihadithiwa tu, sikuona. Wajukuu zangu wako pale chini."

Winfrida aliwapenda wote wawili wakati ule. Alitamani kumpa kila mmoja fungu lake. Sita yangemfuta mdogo wake aibu. Manne yangemlaza shangazi yake usingizi. Na wote wawili walikuwa wanamwomba aseme kitu ambacho mkono wake haukukigusa.

"Msoma wa Lihangwe," kidani kiliita. "Ni saa sita. Picha zangu zinaonyesha hakuna mabadiliko yoyote kwenye mlima wako. Vishimo ni vilevile. Je, ni saba?"

Bi Mwanakombo alikuwa amesimama karibu na masufuria yake, buibui limefungwa kiunoni, anasikiliza.

"Si saba," alisema Winfrida. "Ni matano."

"Matano," Mgawaji alirudia. "Ziwa matatu. Bonde la Lukwale mawili. Naomba mwenyekiti wa bonde athibitishe kwamba amesikia."

Bi Mwanakombo akasogea karibu. Alimtazama Winfrida. "Ni kweli yako ya mwisho?"

"Ndiyo yenyewe, mama. Ningekuwa na sita ningekupa."

"Na manne ungeweza kusema."

"Ningeweza."

Mama yule akaitikia kwa kichwa polepole, akajifunga buibui vizuri zaidi. "Nimesikia," alikiambia kidani. "Mawili tutayabeba. Wagonjwa na wazee juu ya meza, watoto juu ya mapaa ya shule. Tuna saa tatu." Kisha akawapigia kelele watu wake waache masufuria, masufuria hayazami.

Hakuna aliyemwambia Otmari aache. Alimaliza mkanda wa tisa na wanawake arobaini, wakaingia wa kumi, mpaka Winfrida alipowashusha wote kwa nguvu saa nane na nusu.

*

Ilikuja kwa wakati wake. Vishada vilionekana kwanza, vyeusi, vimeinama kwa uzito, kisha wingu nyuma yao, na kisha mlima haukuonekana tena.

Mvua ilinyesha saa moja na dakika arobaini. Watu wa Lihangwe walikaa majumbani milango ikiwa wazi, maana mtu anataka kuona kinachokuja. Winfrida alisimama kwenye kibaraza cha shangazi yake akisikiliza. Mlima unaobomoka una sauti, unaguna kwanza. Alisikia maji yakijaa vishimo, kishimo kikijaa kikimwagia cha chini yake, mkanda kwa mkanda, mlio wa watu wengi wanaokunywa kwa pamoja. Ukafuata mguno. Eufrasia akamshika mkono. Kipande cha kushoto, kule ambako mkanda wa kumi haukufika, kiliteleza chote kwa pamoja, kikashuka korongoni, kikafukia banda la Fuko na Fuko zote sita. Kikaishia hapo. Mkanda wa tisa ulikipokea kilichobaki, ukatetemeka, ukasimama.

Mvua ilipokatika, maji yaliyokuwa yakitiririka mbele ya nyumba yalikuwa meupe. Kila mkulima wa pale alijua maana yake: udongo umebaki juu. Watu wakatoka nje, wakaanza kuitana majina, nyumba hadi nyumba, na kila jina lililoitwa liliitika.

Winfrida hakushangilia bado. Kidani hakikuleta sauti ya bondeni. Mgawaji alisema waya za bondeni zimelowa, mawasiliano yamekatika, anaomba subira. Akasubiri. Alikaa kwenye ngazi za kibaraza, mguu mbovu ameunyoosha, na hakumruhusu mtu amsemeshe. Matano yake yalikuwa ya kweli, hilo sasa alilijua. Mawili ya Bi Mwanakombo alikuwa hayajui.

Jua lilikuwa limeshagusa mlima wakati kidani kilipotetemeka.

"Winfrida." Sauti ya Bi Mwanakombo ilikuwa imekauka. "Magotini. Yamefika magotini, yamesimama, sasa yanapungua."

"Watu?"

"Wote. Nimepita nyumba kwa nyumba mwenyewe, ndiyo maana nimechelewa. Kuku wengi wamekwenda. Watu wote wapo. Na huko?"

"Wote," alisema Winfrida. Alilia waziwazi, mbele ya shangazi yake na mbele ya nusu ya kijiji, na Bi Mwanakombo akamngoja, hakukata.

"Haya," alisema Bi Mwanakombo baadaye. "Sasa nisikilize. Nyinyi mmekata nyasi zenu za mwakani. Hapa kwetu ukingoni mwa mto zinaota mpaka zinatukera, na maji haya yatazizidisha. Tutawakatia, tutawaletea. Nieleze tu mwazitaka za urefu gani."

Winfrida akafuta uso kwa kiganja. Akamwangalia Eufrasia, Eufrasia akamwangalia mzee mmoja wa sengu aliyekuwa amesimama pale na matope mpaka mapajani. Mzee akasogea mbele, akajikohoza, akaweka mkono kiunoni kupima.

"Za kufika hapa," alisema. "Zikatwe kabla hazijatoa mbegu. Na mashina yasichanganywe na vichwa, mwambie hilo ni muhimu sana."

"Subiri, baba," ilisema sauti ya Bi Mwanakombo. "Nitafute kalamu kwanza, vitu vyote hapa vimelowa."